Jina Ambalo Maman Hakuweza Kulitaja

Televisheni ilirudi nyumbani kwa wazazi wangu Jumamosi jioni, imefungwa ndani ya blanketi kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Umeme uliokuja kwa nguvu baada ya mvua ulikuwa umeunguza kitu ndani yake. Fundi alibadilisha kitu hicho, akafuta kumbukumbu yote, akatukabidhi televisheni safi isiyojua chochote. Jumapili asubuhi, nilipotoka misa ya kwanza na kupita kwao kuiwasha, iliniuliza tuko nchi gani. Iliniuliza saa. Iliniuliza tunazungumza lugha gani, na kwa kuwa Kiswahili chetu haikukijua, nikaipa Kifaransa. Kisha ikaniuliza nenosiri la WiFi, ambalo sisi Bukavu tunaliita mot de passe, na hapo tukakwama.

"Imesahau yote," nilimwambia papa.

"Ni sawa na miye," akajibu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ule upande mwingine ulikuwa bado haujarudi tangu ugonjwa.

Papa alifundisha hesabu maisha yake yote, na hesabu hazikumtoka. Hata baada ya ile AVC, kiharusi, iliyomlaza mwaka uliopita, ukimpa mlinganyo anaufungua akiwa amelala. Majina ndiyo yaliyopotea. Mimi ananiita kwa jina la mdogo wangu, mdogo wangu kwa jina la shangazi, na daktari wake anamwita "ule wa sindano." Anajua vizuri kabisa anamzungumzia nani. Ni jina tu linalokataa kuja, naye hukasirika, hupiga paji la uso kwa kiganja, hunyamaza. Sasa mtu huyu ndiye aliyechagua nenosiri la nyumba, peke yake, siku WiFi ilipowekwa, bila kumwambia mtoto yeyote. Mwalimu wa hesabu haamini watu ovyo.

Siku nyingine ningesema basi, tungoje. Lakini Jumapili ile, saa nne na nusu, mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaweka nadhiri za daima huko Italia. Aliondoka hapa msichana wa kuosha masufuria huku akiimba, leo anavaa pete ya utawa, na masista wake walikuwa wametuma kiungo cha kufuatia misa kwenye intaneti. Papa alikuwa amekwisha kupiga kelele zake za miaka yote, kwamba Mungu amemwoa binti yake bila kuleta hata ng'ombe mmoja kijijini kwetu Nyantende. Aliyasema hayo hata mbele ya padri, na padri alicheka kwa adabu. Siku yenyewe ilipofika alivaa koti na tai tangu alfajiri, akakaa mbele ya kioo cheusi.

Maman hakuwa na maneno mengi. Yeye alitaka kumuona mtoto wake, basi. Kusafiri hakuweza: papa hawezi kuachwa, na macho ya maman mwenyewe yameingiwa na utando, yote mawili, anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Kwenye simu haoni kitu. Unampa simu anaishika kwa heshima, anasema "mh," anakurudishia. Lakini televisheni ile kubwa, akivuta kiti karibu kabisa na kuinamisha kichwa kidogo upande, anaona sura za watu. Ndivyo anavyofuata misa za Roma, na ndivyo anavyojua ni mwanasiasa gani amenenepa. Mdogo wetu hakuwa ameonekana kwa macho ya maman kwa miaka mingi. Sauti yake aliisikia kila wiki. Uso alikuwa anaukumbuka tu.

Kwa hiyo nilivua viatu, nikakaa chini mbele ya ile mashine, nikaanza kazi.

Nilianza na simu ya papa, ambayo ilikuwa imeunganishwa. Ni simu ya zamani, imepasuka kioo, nayo ilinionyesha vitone vyeusi vilivyopangwa vizuri mahali pa nenosiri. Nikajaribu kuipa televisheni intaneti ya simu yangu. Sisi tuko upande wa kilima ambao mtandao wa simu unaupita juu, kwa hiyo ukurasa ulifunguka nusu, kikatokea kile kiduara cha kuzunguka, kikazunguka. Nikampigia kijana aliyefunga WiFi. Alikuwa Bunyakiri, juu ya mnara, upepo ukivuma ndani ya simu, naye, akiniita Maman kwa heshima, akasema harudi mpaka Jumanne.

"Maman, nitarudi mardi! Mot de passe miye nilisha isahau, ni papa ndiye alichaguaka. Lakini musiguse kale katundu ka nyuma ya boite! Mukikafinya tu, yote inafutika, ata antenne haitabajua tena!"

Nilikuwa nimeshika sindano mkononi, tayari kukafinya kale katundu ka kisanduku cha WiFi. Nikairudisha kwenye kikapu cha maman cha kushonea.

Papa akaanza kunipa mapendekezo. Tarehe ya ndoa yao. Tarehe ya mimi kuzaliwa, ambayo aliijua, ingawa aliniita jina la dada yangu alipokuwa akiitamka. Mwaka alioanza ualimu. Namba ya pi mpaka mahali ambapo mimi nilikuwa nimechoka na yeye bado anaendelea. Kila mara kioo kilisema kwa Kifaransa cha upole kwamba nenosiri si sahihi. Kuandika kwa rimoti ni kazi ya mfungwa: unasogeza mshale herufi moja, mbili, tatu, unapita ile unayoitaka, unarudi. Jasho lilikuwa likinitoka na saa nne ilikuwa imekwisha kupita.

"Papa, fikiri muzuri. Ni namba ao ni jina?"

Akafumba macho. Mkono wake ulio mzima ulikuwa ukicheza juu ya goti.

"Ni jina," akasema. "Ni jina ya papa."

Nilikaribia kumbusu. Jina la babu nalijua, limeandikwa juu ya msalaba wake Nyantende, jina zuri la ubatizo la mtakatifu anayejulikana. Nikaliandika. Si sahihi. Nikaliandika kwa herufi kubwa mwanzoni. Si sahihi.

"Hapana, hapana," papa akasema kwa hasira. "Ile ingine! Ile ya mbele, ile alipewa na baba yake. Hakuna mwizi anaijua."

Hakuna mjukuu aliyeijua pia. Babu alibatizwa akiwa mtu mzima, akaliweka pembeni jina lake la nyumbani, na sisi tulikua tukimsikia akiitwa lile la kanisani au "Muzee" tu. Wenzake waliolijua lile la kwanza wamekwisha kwenda. Alibaki shangazi, dada yake papa, kule Nyantende. Nikampigia. Haipatikani. Jumapili shangazi huenda misa na kuacha simu kwa wale wanaochaji pale sokoni, huichukua jioni akipita.

"Unisaidie, papa. Inaanza na herufi gani?"

Kiganja kwenye paji la uso. Mara moja, mara ya pili. Kisha akageuza kichwa, polepole, kuelekea mlango wa jikoni ambako maman alikuwa amesimama na sahani mkononi, anaifuta sahani ambayo ilikuwa kavu tangu zamani.

"Weye unaijua," alimwambia.

"Miye sijue kitu," maman akasema, upesi mno.

"Ulikuwa hapa siku ile ya technicien wa WiFi. Nilimutajia. Ulikasirika, ukasema naweka je muzee ndani ya kamashini."

Maman aliingia jikoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Siku hizi wapo wanaolitaja, vijana wa mjini wanawaita wakwe zao kwa jina na hata kuwatumia picha za kuchekesha kwenye simu. Maman yangu si wa hao. Alitoka kwao Walungu akiwa ameambiwa na mama yake usiku wa kuamkia ndoa: jina hilo lisipite mdomoni mwako. Halikupita. Tulipokuwa shule na mwalimu akatuuliza majina ya babu zetu, tulipomuuliza maman alitutajia baba yake mwenyewe bila shida, na kwa yule mwingine akasema, "Muulize papa yenu." Sisi watoto tulifanya mchezo wa kumtega. Tulimuuliza ghafla akiwa anachekecha unga, akiwa usingizini. Hatukumpata hata mara moja.

Nilimfuata jikoni. Sina uvumilivu mwingi, kila mtu nyumbani anajua, na saa ilikuwa inaniwasha.

"Maman, unaijua. Niambie kwa sikio, hata Mungu hatasikia."

"Mutoto weye, usinisumbue."

"Andika basi kwa kidole juu ya meza, kwa unga."

"Kuandika na kusema si ni kimoja? Ni yeye tu."

"Basi unipe herufi moja moja. Herufi si jina."

Alifikiri kuhusu hilo. Niliona anafikiri. Alifungua mdomo, akanipa herufi ya kwanza, akanipa ya pili, na hapo akaziba mdomo kwa kiganja chake, macho yakajaa. Nikajichukia. Nikamshika bega.

"Si woga," alisema. "Munafikiri ni woga. Haiko woga."

Akaniambia kitu ambacho nilikuwa nimekisikia vipande vipande, mara hii akakisema chote akiwa ameegemea meza ya jikoni. Alizaa mimi, msichana. Akazaa mwingine, msichana. Huko Nyantende watu wakaanza kunong'ona kwamba papa, mtoto wa kwanza wa kiume, mtu wa diploma, atafute mwanamke wa pili. Walikuja siku moja kulisema mbele ya babu, wakifikiri atakubali. Babu alitoa kiti chake nje, akakiweka uani, akamwita maman kutoka shambani na matope yake miguuni, akamkalisha kwenye kiti hicho mbele yao wote. Kiti cha babu hakuna aliyekikalia, hata papa. Akasema, "Huyu ni binti yangu. Mwenye kutaka kumufukuza anifukuze miye kwanza." Kisha akaomba pombe, na hakuna aliyezungumza tena habari ile, siku ile wala baadaye.

"Hakuniita jina yangu hata siku moja," maman alisema. "Aliniita Mama. Na miye sikumuita yake. Ndio hivi tulipendana."

Nilitamani kumwambia haidhuru, kwamba tutamtafuta shangazi, kwamba misa itarekodiwa na ataiona siku nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuyasema, na niliyasema kwa moyo mmoja, kwa sababu wakati ule sikutaka tena kumtoa kwa nguvu neno alilolitunza namna hiyo. Nilimwomba msamaha. Akanifuta mimi machozi kwa ncha ya kitenge chake, wakati aliyekuwa akilia ni yeye.

Sebuleni kukasikika kuimba. Papa alikuwa amefaulu kufungua kiungo kwenye simu yake iliyopasuka, na sauti za wanawake zilikuwa zikitoka ndani yake, zikikatika, zikirudi. Maman alikwenda mbio kiasi cha kugonga ukingo wa mlango.

"Bameanza? Bamesha anza?"

Alichukua simu, akaisogeza mpaka ikagusa pua yake. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Iko wapi? Ni nani huyu?"

"Ni bote banaingia, maman. Yeye ni wa tatu, amebeba mushumaa."

"Miye naona mwanga tu," alisema. Akangoja kidogo, labda itabadilika. "Ni mwanga tu."

Akamrudishia papa simu. Sauti ilikuwa inaendelea kuimba kutoka kwenye mkono wa papa. Maman akasimama katikati ya sebule, akakaza kitenge kiunoni, akarekebisha kitambaa cha kichwa namna anavyofanya kabla ya kwenda kusoma somo kanisani. Akageukia kiti cha papa. Hakunitazama mimi kabisa.

Akalitaja.

Alilitaja lote, bila haraka, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Ni jina refu, la zamani, lenye mlio wa lugha yetu ya Mashi, ile ya wazee. Mtanisamehe, sitaliandika hapa. Mimi ninaruhusiwa, ni mjukuu, lakini baada ya kusikia lilivyotoka kinywani mwake nimeona nisilitumie ovyo. Nilikuwa nimekaa chini na rimoti mkononi, mdomo wazi.

"Andika basi!" maman akanifokea. "Unafikiri nitarudilia?"

Nikaanza kuandika, mshale ukipita herufi na kurudi. Niligeuka kidogo, nikamuona maman amesimama palepale, ameinamisha kichwa, kama mtu anayengoja kuambiwa adhabu yake. Kisha papa akaanza kusema.

Alisema kwa Mashi, na haikuwa sauti yake ya kila siku. Papa ndiye mkubwa wa nyumba. Babu alipozikwa, yeye ndiye aliyepewa kiti kile, na anayekaa kwenye kiti kile anaweza kujibu kwa niaba ya marehemu mwenye kiti. Alisema: Mwanangu, nimekusikia. Umeniita kwa sababu ya mtoto. Ulinipa uji nilipokuwa sina meno, ulinifunika nilipokuwa na baridi, hujawahi kunikosea, na leo pia hujanikosea. Nimeitika. Kaa chini umtazame mtoto.

Hakutafuta neno hata moja. Tangu ugonjwa sikuwa nimemsikia akifika mwisho wa sentensi ndefu bila kupiga paji la uso, na hii aliimaliza, na baada yake akaanza nyingine. Maman alikunja magoti kidogo mbele yake, akashukuru kwa Mashi, akishukuru kama binti anavyomshukuru mzee, huyu mtu ambaye asubuhi ileile alikuwa amemgombeza kwa kumwaga chai kwenye tai.

Nilibonyeza. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, nikaomba kwa watakatifu wote ninaowajua, na televisheni ikasema kwa Kifaransa kwamba imeunganishwa.

Kupata misa yenyewe kulichukua muda tena, na tulipoipata masista walikuwa wamelala kifudifudi juu ya zulia, mbele ya altare, watu wakiimba litania ya watakatifu. Wote wamevaa nyeupe na wote sawasawa, migongo tu. Maman alikuwa amekwisha kuvuta kiti chake. Alikivuta mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akainamisha kichwa upande.

"Ni mugani?"

"Wa tatu, maman. Ngoja, batasimama."

Walisimama. Kamera ikatembea polepole juu ya nyuso zao, ya kwanza, ya pili, ikafika ya tatu, ikakaa hapo. Maman alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Uso wake na ule wa kioo zilikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu, akaufuta kwa mkono wa blauzi.

"Amekonda," alisema. "Ee Nyamuzinda, Mungu wangu, namuona. Amekonda. Banamupa chakula huko? Papa, unamuona? Namuona!"

"Namuona," papa akajibu.

Alidanganya, maskini. Toka maman aliponyanyuka, si yeye wala mimi aliyeona sista hata mmoja, kwa kuwa kichwa cha maman na kitambaa chake kikubwa cha sikukuu vilikuwa vimeziba kioo chote, na kila kamera ilipohama naye alihama nayo. Tulisikia mdogo wetu akiitwa, tukasikia akiitika, tukasikia akisoma nadhiri zake kwa sauti ileile ya kuosha masufuria. Papa alikuwa ameshika mkono wangu. Misa ile ilikuwa ndefu, na tangu hapo mpaka mwisho sisi wawili tulitazama mgongo wa maman, na hakuna aliyemwambia asogee.